Umeongeza mstari kwenye faili la hosts na jina bado halifunguki? Anza na dalili

Ofisi ya utalii Arusha inahamisha tovuti yake kwenda seva mpya, na fundi anataka kuiona kwa jina lake halisi kabla DNS, huduma ya mtandao inayotafsiri jina kuwa anwani ya namba (IP), haijabadilishwa. Shule ya Moshi ina seva moja ya matokeo chini ya meza ya mhasibu, na walimu wamechoka kukariri 192.168.1.10. Wote wawili wataishia kwenye faili lile lile: `/etc/hosts` kwenye Linux na Mac, `C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts` kwenye Windows. Ni maandishi matupu. Kila mstari una anwani ya IP, nafasi, kisha jina au majina. Kompyuta hulisoma kabla ya kuuliza DNS, kwa hiyo likidanganya, kompyuta inadanganyika nalo.

Hapa chini tafuta dalili yako. Vyanzo vimepangwa kuanzia kinachojirudia zaidi, kwa hiyo usirukie cha mwisho kwa sababu kinaonekana cha kitaalamu.

Kabla ya kugusa chochote

Weka nakala ya akiba. Kwenye Linux au Mac:

```
sudo cp -p /etc/hosts /etc/hosts.akiba
```

Kwenye Windows, ndani ya PowerShell iliyofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi:

```
cd $env:windir\System32\drivers\etc
Copy-Item hosts hosts.akiba
```

Halafu pima kwa chombo sahihi. Watu wengi hupoteza nusu siku kwa sababu wamepima kwa `nslookup`. Hiyo huenda moja kwa moja kwa seva ya DNS na hailisomi faili la hosts kabisa. Inaweza kukuambia jina halipo hata kama mstari wako umekaa sawasawa. Tumia hizi:

```
getent ahosts matokeo.test                 # Linux
dscacheutil -q host -a name matokeo.test   # Mac
Resolve-DnsName matokeo.test               # PowerShell
```

`ping` nayo inafaa, ila tazama jambo moja tu: IP inayotokea kwenye mstari wa kwanza. Ikiwa IP ni sahihi na majibu hayarudi, faili la hosts limemaliza kazi yake. Kompyuta nyingi za Windows hazijibu ping kwa sababu ya ukuta wa moto, na hilo ni suala jingine.

Dalili: `Permission denied` au `Access is denied`

Kwenye Linux na Mac chanzo karibu kila mara ni amri hii:

```
sudo echo '192.168.1.10 matokeo.test' >> /etc/hosts
```

Inaonekana sawa, lakini alama ya `>>` haiko chini ya `sudo`, amri inayokupa mamlaka ya msimamizi. Faili linafunguliwa na shell yako mwenyewe, kwa mamlaka yako ya kawaida, kabla `sudo` haijaanza. Mwenye mamlaka hapo ni `echo` peke yake, na yeye hahitaji mamlaka ya mtu. Andika hivi:

```
echo '192.168.1.10 matokeo.test' | sudo tee -a /etc/hosts
```

Usisahau `-a`. Bila hiyo, `tee` inafuta faili zima na kuacha mstari wako mmoja. Kama limeshatokea, nenda kwenye dalili ya faili tupu huko chini.

Kwenye Windows, akaunti yako kuwa ya msimamizi hakutoshi. Dirisha lenyewe la PowerShell lazima lifunguliwe kwa mamlaka hayo. Kama umefanya hivyo na bado unakataliwa, tazama kama faili limewekwa alama ya kusomwa tu: andika `attrib hosts` ukiwa kwenye folda hiyo, na ukiona herufi R, iondoe kwa `attrib -r hosts`. Baada ya hapo mshuku antivairasi, maana baadhi yake hulilinda faili hili.

Kwenye Linux ukipata `Operation not permitted` hata ukiwa root (msimamizi mkuu), andika `lsattr /etc/hosts`. Herufi `i` ikiwepo, kuna mtu aliyelifunga faili makusudi kwa `chattr +i`. Muulize kwanza. Na ndani ya kontena la Docker (programu inayoendeshwa kwenye mazingira yake yaliyotengwa), `sed -i` hukataa kwa ujumbe wa `Device or resource busy`, kwa sababu `sed -i` huunda faili jipya na kulibadilisha na la zamani, wakati `/etc/hosts` ya kontena imepachikwa kutoka nje. Usihangaike nayo, weka jina kwa `--add-host` unapowasha kontena, au `extra_hosts` kwenye faili la Compose.

Simama hapa kama kompyuta ni ya ofisi inayosimamiwa kutoka makao makuu. Kuzima ulinzi ili upenyeze mstari mmoja si utatuzi. Mpigie mtu wa TEHAMA wa ofisi hiyo.

Dalili: mstari umo ndani ya faili, jina halifunguki

Hii ndiyo inayoongoza, na ina vyanzo vingi kuliko nyingine zote.

*Umehifadhi faili jingine.* Notepad hupenda kuongeza `.txt`, na Windows huficha viambishi vya mafaili, kwa hiyo utaona "hosts" mbili zinazofanana. PowerShell haifichi: andika `Get-ChildItem` kwenye folda hiyo. Ukiona `hosts.txt`, hakikisha ndani yake kuna unachokitaka, kisha `Move-Item hosts.txt hosts -Force`.

*Mistari miwili imeungana.* Faili likiwa halina mstari mpya mwishoni, `tee -a` na `Add-Content` hubandika maneno yako palepale lilipoishia:

```
127.0.0.1 localhost192.168.1.10 matokeo.test
```

Soma kama kompyuta inavyosoma: IP ni 127.0.0.1, na majina ni mawili, `localhost192.168.1.10` na `matokeo.test`. Ndiyo maana ping inajibu haraka na kwa furaha, lakini kutoka 127.0.0.1, yaani kompyuta yako inajijibu yenyewe. Ukiona 127.0.0.1 mahali ulipotarajia seva ya ofisi, fungua faili uitafute hii kwanza.

*Umeandika anwani ya kivinjari badala ya jina.* Faili la hosts halijui `http://`, halijui namba ya mlango kama `:8080`, halijui njia kama `/ingia`, na halielewi nyota. `*.duka.test` haifanyi kitu. Kila jina dogo liandikwe lenyewe. `www` pia ni jina tofauti, ukilisahau utapata tovuti ya zamani kwenye `www` na mpya bila `www`, na mteja atadhani unamchezea. Kwenye Windows usiweke majina zaidi ya tisa kwenye mstari mmoja, gawanya.

*Faili limechanganyika usimbaji.* PowerShell 5.1, ile inayokuja na Windows 10 na 11, ikitumia `>>` huandika kwa UTF-16. Mstari wako unaingia ukiwa na baiti tupu baada ya kila herufi, na kwenye programu nyingi unaonekana umeachana hivi: `1 9 2 . 1 6 8`. Futa mstari huo, hifadhi faili, kisha:

```
Add-Content hosts "`r`n192.168.1.10 matokeo.test" -Encoding ascii
```

Ile `` `r`n `` ya mwanzo inahakikisha mistari haiungani. Mstari mtupu ukizidi hauna madhara.

*Nafasi si nafasi.* Mstari uliotumiwa kwa WhatsApp au kunakiliwa kwenye ukurasa wa wavuti unaweza kuwa na nafasi isiyokatika, ambayo kwa macho ni nafasi ya kawaida. Kwenye Linux, `cat -A /etc/hosts` itaifichua kama `M-BM-`. Futa mstari, uandike kwa mkono. Alama za kunukuu zilizopinda nazo huingia kwa njia hiyo hiyo na kuharibu amri nzima.

*Kuna mstari wa zamani juu yake.* `grep -n matokeo /etc/hosts` itakuonyesha. Ukikuta jina moja lina IP mbili, usiongeze la tatu. Futa la zamani.

*Mstari una alama ya reli mwanzoni.* Kila kinachofuata `#` ni maelezo tu. Mtu aliuzima mstari kwa muda, akasahau.

Ukimaliza hayo na bado, kwenye Linux tazama `/etc/nsswitch.conf`. Mstari wa `hosts:` lazima uwe na neno `files`, nalo litangulie `dns`. Kwenye Windows, tazama faili linasomwa kutoka wapi:

```
Get-ItemProperty HKLM:\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\Tcpip\Parameters -Name DataBasePath
```

Jibu liwe folda ya `System32\drivers\etc`. Likiwa folda nyingine ambayo hukuiweka, chomoa intaneti na uache kuhariri. Hiyo ni dalili ya kirusi, na kazi imeshakuwa ya fundi mwingine.

Dalili: ping inaonyesha IP sahihi, kivinjari hakikubali

Kivinjari kina akiba yake ya majina. Funga madirisha yake yote ufungue tena. Kwenye Chrome unaweza kuifuta bila kufunga, kwa kuandika `chrome://net-internals/#dns`. Akiba ya mfumo wenyewe husafishwa hivi:

```
ipconfig /flushdns                                               # Windows
sudo dscacheutil -flushcache; sudo killall -HUP mDNSResponder    # Mac
sudo resolvectl flush-caches                                     # Linux yenye systemd-resolved
```

Ikishindikana, tazama kama kuna proksi, yaani seva ya kati ambayo kivinjari hupitia kwenda intaneti. Kivinjari kinachopitia proksi hakitafuti jina chenyewe; kinalipeleka jina kwa proksi, na proksi haina habari na faili lako la hosts. Zima kwa muda upime, au weka jina lako kwenye orodha ya yasiyopita proksi. VPN ya kivinjari, zile za bure ambazo watu huweka halafu wakazisahau, hufanya vivyo hivyo.

Ukurasa ukifunguka lakini si wako, kwa mfano ukurasa wa kukaribisha wa Apache, basi hosts iko sawa. Umefika seva sahihi ila seva haijui jina hilo. Ongeza `ServerName` kwenye Apache au `server_name` kwenye Nginx.

Kivinjari kikilalamikia cheti, ni kweli kinachosema: jina limeelekezwa kwenye seva isiyo na cheti cha jina hilo. Wanaotumia majina ya kubuni yanayoishia na `.dev` hukwama hapa zaidi, kwa sababu tangu mwishoni mwa 2017 Chrome hulazimisha HTTPS kwa majina yote ya `.dev`. Tumia `.test`, ambayo imetengwa kwa majaribio tangu 1999 na haitauzwa kwa mtu. Epuka pia `.local`, hutumiwa na vifaa kutafutana ndani ya mtandao, na kwenye Mac inaweza kukuchelewesha sekunde kadhaa kila unapofungua ukurasa.

Kama unafuta mashaka kuhusu seva mpya tu, huna haja ya kuhariri chochote. Amri hii inajaribu jina kwenye IP unayotaka na haiachi alama:

```
curl --resolve www.mfano.co.tz:443:203.0.113.25 https://www.mfano.co.tz/
```

Dalili: jana ilifunguka, leo haifunguki

Ulizia kwanza kama umeme ulikatika usiku. Ruta ikiwaka upya inaweza kuigawia seva IP nyingine. Jana ilikuwa 192.168.1.10, leo ni 192.168.1.14, na 10 amepewa printa au simu ya mwalimu. Faili la hosts haliwezi kujua. Kwenye seva andika `ip a` au `ipconfig` uone IP ya leo, lakini usiishie kubadilisha mstari kwenye kompyuta kumi na tano, maana umeme utakatika tena. Ingia kwenye ruta uifungie seva IP yake kwa anwani ya MAC (namba ya kadi yake ya mtandao). Ni dakika tano, na ndiyo tiba ya kweli.

Kama IP haijabadilika, angalia kama mstari bado upo. Ukiwa umetoweka, kuna programu inayolirudisha faili lilivyokuwa. Kwenye WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), `/etc/hosts` huundwa upya kila inapowaka, ikichukua majina ya hosts ya Windows; hariri ile ya Windows, au weka `generateHosts = false` chini ya `[network]` ndani ya `/etc/wsl.conf`, kisha `wsl --shutdown`. Kwenye seva za kukodi zenye cloud-init (programu inayoipanga seva inapowaka), mpangilio wa `manage_etc_hosts` ukiwa `true` mabadiliko yako hayadumu. Hariri kiolezo kilichopo `/etc/cloud/templates`. Kwenye Windows, Defender hulirudisha faili likiwa limezuia seva za Microsoft, na huripoti kwa jina `SettingsModifier:Win32/HostsFileHijack`. Soma ripoti kabla ya kuruhusu. Mara nyingine ni mstari uliouweka wewe. Mara nyingine sivyo.

Dalili: jina linafunguka kwa `sudo` tu

Hii huwapata wanaohariri kwa skripti. Ukiandika faili la muda kwa `mkstemp` ya Python kisha ukalihamishia mahali pa `/etc/hosts`, linakuja na ruhusa zake za 600, yaani root peke yake ndiye anayesoma. `ls -l /etc/hosts` itaonyesha `-rw-------`. Tiba ni `sudo chmod 644 /etc/hosts`. Kwenye Fedora na ndugu zake ongeza `sudo restorecon /etc/hosts`, kwa sababu lebo ya SELinux (mfumo wa ulinzi wa Linux) nayo hupotea kwa njia hiyo hiyo.

Dalili: skripti inarudia mstari ule ule kila inapoendeshwa

Skripti inaongeza bila kuangalia. Tiba ni kuzungushia mistari yako alama mbili, na kila mara kufuta kilichomo kati yake kabla ya kuandika upya:

```python
import os, shutil, sys, time

NJIA = (r"C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts"
        if os.name == "nt" else "/etc/hosts")
MWANZO, MWISHO = "# MWANZO ofisi", "# MWISHO ofisi"

def andika(mistari):
    with open(NJIA, encoding="utf-8-sig") as f:
        maandishi = f.read()
    zamani = maandishi.splitlines()

    if "\0" in maandishi:
        sys.exit("Kuna mabaki ya UTF-16 ndani. Safisha kwanza.")
    if zamani.count(MWANZO) != zamani.count(MWISHO):
        sys.exit("Alama hazilingani. Fungua faili utazame.")

    mpya, ndani = [], False
    for m in zamani:
        if m == MWANZO:
            ndani = True
        elif m == MWISHO:
            ndani = False
        elif not ndani:
            mpya.append(m)

    mpya += [MWANZO, *mistari, MWISHO]
    shutil.copy2(NJIA, NJIA + time.strftime(".%Y%m%d-%H%M%S"))
    with open(NJIA, "w", encoding="utf-8") as f:
        f.write("\n".join(mpya) + "\n")

andika(["192.168.1.10 matokeo.test", "192.168.1.10 hesabu.test"])
```

Ukaguzi wa alama kulingana si pambo. Mtu akifuta `# MWISHO` kwa bahati mbaya, skripti isiyokagua itakula kila kitu kuanzia `# MWANZO` hadi mwisho wa faili. Inaandika ndani ya faili lile lile, hailibadilishi na jipya, ili ruhusa zibaki zilivyo. Gharama yake ni kwamba umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili linaweza kubaki nusu. Ndiyo maana nakala yenye tarehe inatangulia. Nakala zitajaa, zifagie mara moja moja.

Dalili: faili limebaki tupu, au `sudo: unable to resolve host`

Rudisha nakala. Kama huna, Windows haina shida kubwa: faili lake la asili ni maelezo matupu, na `localhost` hutatuliwa kwingine. Kwenye Ubuntu na Debian andika hivi, ukiweka jina linalotoka kwenye amri ya `hostname`:

```
127.0.0.1 localhost
127.0.1.1 jina-la-kompyuta
::1 localhost ip6-localhost ip6-loopback
```

Mac inahitaji `127.0.0.1 localhost`, `255.255.255.255 broadcasthost` na `::1 localhost`.

Kama ni seva inayotumika na watu wako kazini, usiiwashe upya kwanza ukitumaini itajirekebisha. Huduma zinazoendelea kufanya kazi zinaweza kukataa kuwaka zikikosa `localhost`.

Dalili: tovuti inafunguka kwa wote isipokuwa kwenye kompyuta hii

Ni ile ofisi ya utalii ya mwanzo, miezi minane baadaye. Fundi aliweka mstari wa majaribio, DNS ikabadilishwa, kila kitu kikaenda vizuri, na mstari haukufutwa. Sasa seva imehamishwa tena, na kompyuta ya meneja peke yake bado inagonga mlango wa seva iliyofungwa. Watu hubadilisha kivinjari, hulaumu intaneti, hununua vocha ya mtandao mwingine. Fungua tovuti kwenye simu kwa data. Ikifunguka huko, tafuta jina lake ndani ya hosts na uzime mstari kwa alama ya reli. Mistari ya majaribio iandikiwe tarehe:

```
203.0.113.25 www.mfano.co.tz   # jaribio, futa baada ya 30/6
```

Ukiwa ndani ya faili hilo na ukakuta mstari wenye jina la benki, la huduma ya pesa kwa simu au la barua pepe ambao hakuna anayekiri kuuweka, usiufute ukaendelea na kazi. Chomoa kebo au zima Wi-Fi, piga picha ya skrini, na kompyuta isitumike kuingia popote penye nywila hadi fundi wa usalama aikague. Nywila zilizokwisha kuingizwa humo zibadilishwe leo, kwa kutumia kifaa kingine.